Mama Pampu na Bomba la Nyumba Nzima

Nyumba nzima ilikuwa na bomba moja tu la maji machafu. Lilianzia juu kabisa, ghorofa ya pili, kwa Karani. Likashuka ndani ya ukuta hadi ghorofa ya kwanza kwa Mama Pacha, mwanamke kijana mwenye watoto wawili wanaotambaa, na kuishia chini kwa mshonaji wa sare za shule, ambaye pale nyumbani hakuna aliyemwita mshonaji. Walimwita Mama Pampu.

Kila aliyeoga juu, Mama Pampu alimsikia. Alijua kwamba Karani huoga mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na polisi, na kwamba Mama Pacha hufua nepi kabla majirani hawajaweka chai jikoni. Maji yao yalipita nyuma ya kitanda chake, yakafanya shwaa, yakaenda zake.

Siku hizi hayakwenda. Yalishuka hadi chini, yakasita, na kule bafuni kwake, kwenye tundu la sakafuni, ikasikika sauti nzito: glu. Kimya kidogo. Glu, glu. Ungedhani kuna mtu amezibwa mdomo na anataka kusema jambo.

"Mgeni wako huyo anakuita," mumewe alimwambia kila iliposikika.

Mumewe alikuwa Kocha. Jina hilo alilipata uwanjani, kwa jioni zote alizowafundisha vijana wa mtaa kupiga mpira. Asubuhi zake, hata hivyo, alizimalizia kwenye kiwanda cha saruji, akipakia mifuko bila kitambaa cha pua, kwa kuwa kitambaa hakikutolewa na mtu hakuuliza. Saruji ile ilikuja kumdai. Sasa Kocha alipanda ngazi mbili akapumzika, alicheka akakohoa, na filimbi yake ilining'inia msumarini kwa sababu hakuwa tena na pumzi ya kuipuliza. Kilichobaki ni mdomo. Mdomo wa Kocha ulikuwa mzima kabisa.

"Mwambie mgeni wangu asubiri," Mama Pampu alijibu, akiinuka kwenye cherehani. "Nipe hiyo pampu."

Pampu yenyewe ilikuwa kile kikombe cha mpira mwekundu chenye mpini wa mti, kilichochakaa mpaka mpini umeng'aa kwa viganja vyake. Ungemwona kazini ungedhani anafanya ibada. Kwanza alipaka ukingo wa mpira mafuta kidogo ili ushike vizuri. Kisha alimwaga maji kuzunguka tundu, maana mpira ukibana hewa tupu unacheza tu. Halafu alikandamiza taratibu, hewa ikatoka, ndipo akavuta kwa nguvu. Watu wengi hukosea hapo: wanasukuma. Wakisukuma wanaupeleka uchafu mbele zaidi, ukajikaze huko. "Nguvu iko kwenye kuvuta," alipenda kusema. "Uchafu unatolewa, haufukuzwi."

Sinki la jikoni lilikuwa na taratibu zake. Mafuta yakiganda alimwaga maji ya moto kidogo kidogo, si yale yanayochemka, kwa sababu bomba la plastiki hulegea kwenye maungio. Yakishindikana, aliweka ndoo chini ya ile shingo ya bomba iliyopinda, akafungua nati zake za plastiki kwa mkono, akamimina kila kilichokuwamo: punje za mchele, uzi, mara moja hata meno ya bandia ya Kocha, ambayo wawili hao walikuwa wamegombana juu yake wiki nzima. Nywele za bafuni alizinasa kwa waya wa kutundikia nguo, alioukunjua na kuupinda ncha kama ndoana.

Kwa nini mshonaji ajifunze yote hayo badala ya kumwita fundi? Jibu lilikuwa ukutani, pale penye ngazi, mwenye nyumba alipoandika kwa rangi nyekundu: ATAKAYEZIBA BOMBA ATAHAMA.

Hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Kabla ya Mama Pacha, ghorofa ya kwanza ilikaliwa na familia nyingine. Fundi aliitwa, akachomoa soksi ya mtoto kwenye bomba, na jua lilipozama vitanda vya watu wale vilikuwa barabarani, mama wa familia ile akiwa amekaa juu ya godoro, kichwa chini. Mwenye nyumba alisimama kando akizungusha funguo za gari kidoleni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilishaandika."

Tazama basi namna maneno matatu yanavyoweza kuozesha nyumba. Watu wanaotumia bomba moja wangekaa chini wakaulizana: wewe kwako vipi, na mimi kwangu hivi, tatizo liko wapi? Lakini maandishi yale yalimgeuza kila mmoja kuwa mwizi wa uchafu wake mwenyewe. Aliyezibiwa alifunga mlango, akazibua kimya kimya, akatoka nje na uso mkavu. Mwenye nyumba hakuhitaji mlinzi. Woga ulimfanyia kazi hiyo bila mshahara.

Siri zote hizo, hata hivyo, zilikuwa na mahali pa kwenda. Zilishuka kwa Mama Pampu kama maji yenyewe.

Karani alikuja siku moja, tai imelegea shingoni, akajifanya anaulizia suruali.

"Dada mkubwa, nina swali. Si langu. Ni la rafiki yangu wa kazini."

"Uliza."

"Sinki la rafiki yangu linasumbua."

"Linapitisha polepole au halipitishi kabisa?"

"Halipi..." Karani alijizuia. "Rafiki yangu anasema halipitishi kabisa."

Kocha alicheka kitandani mpaka akakohoa. Mama Pampu alimkata jicho, akamjibu Karani kwa upole: ile asidi ya kusafishia choo, kifuniko kimoja, dirisha wazi, glavu mkononi. Na asichanganye na kitu kingine chochote. "Mwambie rafiki yako hivyo, baba. Chochote."

Mama Pacha yeye hakuzunguka. Aliingia na pacha mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, macho yamemjaa maji. "Mama, nisitiri. Bafu langu limeanza. Nikihamishwa pamoja na hawa nitakwenda wapi?"

"Nani kasema utahama? Kaa." Akampa njia yake: klorini ile ya kung'arishia nguo nyeupe, aimwage tunduni, aiache ilale. "Ila usichanganye na kitu, mwanangu. Hata sabuni usitie."

Wote wawili walimtii. Na Mama Pampu hakumwambia yeyote habari za mwenzake. Siri ya mtu kwake ilikuwa kama kitambaa cha mteja: hukipunguzi, hukionyeshi kwa wengine, unakirudisha kilivyo. Aliona fahari kwa hilo.

Lakini kuna jambo lililomkosesha raha, na hilo hakulisema hata kwa Kocha. Waya wake mrefu, ule alioununua kwa fundi mzee aliyestaafu, ulikuwa ukiingia bomba la bafuni ukielekea barabarani, na kila mara ulifika pahala ukagota. Pale pale. Si ulaini wa nywele wala utelezi wa mafuta. Ulikuwa ukigonga kitu kigumu, tk, tk, kama kucha juu ya jiwe. Na alipopima kwa hatua juu ya ardhi, pahala penyewe palikuwa ndani ya duka la kinyozi.

Duka hilo lilikuwa jipya. Mwenye nyumba alilijenga ubavuni mwa nyumba, upande wa barabara, akaegemeza ukuta wake kwenye ukuta wa bafu la Mama Pampu na kuyafunika matundu ya hewa. Zamani pale palikuwa na chemba, lile shimo la zege lenye mfuniko ambamo bomba la nyumba hukutana na bomba kubwa la mtaa, ili likiziba mtu afungue na kusafisha. Wapangaji waliuliza chemba imekwenda wapi. "Nimeihamisha," mwenye nyumba aliwajibu. Imehamishiwa wapi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mama Pampu alipokuwa amepiga magoti bafuni, waya umegota, alisikia kupitia ukuta mashine ya kinyozi ikinguruma na wateja wakicheka. Akajitia hamnazo. Akaukunja waya, akachukua pampu. Tangu hapo maji yalianza kupanda meusi.

*

Siku ya mechi, Kocha aliamka kabla ya mkewe. Kijana mmoja aliyemfundisha zamani alikuwa ameahidi kuja na gari kumchukua wakatazame mpira uwanjani, na tangu kifua kimkamate hakuwahi kutoka mbali na ua ule. Alinyoa ndevu kitandani, akajikata, akabandika kipande cha karatasi.

"Leo niogeshe kama bwana harusi."

"Bwana harusi gani anakaa kwenye kigoda?"

"Bwana harusi mwenye akili. Anajiwekea nguvu."

Kweli, Kocha alioga akiwa amekaa, kwa kuwa kusimama kulimmaliza pumzi. Kigoda chake kilikuwa kifupi, kando ya tundu.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamesimama bafuni kimo cha kisigino. Juu nako kulikuwa na pirikapirika. Ilikuwa siku ya mapumziko, kila mtu yuko kwake anasafisha. Mama Pampu alipasha maji birikani, akamwaga, akapaka mafuta ukingo wa mpira, akaanza. Kandamiza taratibu, vuta. Kandamiza, vuta. Maji yakashuka kwa shingo upande, yakaacha utando.

"Haya, Kocha. Uwanja uko tayari."

Akamsaidia kukaa, akafunga mlango ili asipigwe na baridi, akarudi kwenye cherehani. Kulikuwa na sketi za shule za kumalizia. Mguu wake ukakanyaga, sindano ikaimba, na kwa nyuma alisikia kopo likigonga ndoo na Kocha akitangaza mechi ambayo haijaanza. "Anampita mmoja, anampita wa pili..."

Nyuma ya kitanda, shwaa. Baada ya muda mfupi, shwaa nyingine. Glu, likasema tundu.

Kilichomchelewesha ni harufu. Angesikia uvundo angeinuka mara moja, kwa sababu pua yake iliujua uvundo kama inavyojua chumvi. Lakini harufu iliyotoka chini ya mlango ilikuwa ya usafi. Ilinukia mashuka meupe, wodi iliyodekiwa. Alifikiri, Mama Pacha anafua. Akapindua sketi, akaendelea na upindo wa pili.

Ndipo akagundua kuwa hasikii kopo.

Aliondoa mguu kwenye kikanyagio. Mtangazaji pia alikuwa amenyamaza.

"Kocha?"

Alipofungua mlango hewa ilimuuma machoni kama pilipili, koo likajifunga lenyewe. Kocha alikuwa amelala ubavu sakafuni, shavu karibu na tundu, mikono yote miwili imeshika kifua kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya. Juu ya maji palikuwa na kitu kama ukungu wa rangi ya manjano iliyofifia, kimetulia chini, hakitaki kwenda popote. Mama Pampu alibana pumzi, akamshika kwapani, akamburuta. Hakumfunika hata taulo. Alipiga ukelele mmoja tu, na kinyozi akatoka mbio na kitana bado mkononi, akambeba Kocha mgongoni mpaka zahanati.

Walikaa huko mpaka saa za mchana. Walimwekea hewa, wakamwosha macho. Muuguzi, mwanamke mnene asiyecheka ovyo, alimvuta Mama Pampu pembeni.

"Mmechanganya nini?"

"Hatujachanganya kitu, mwanangu. Maji ya moto tu."

"Mama, mimi nimeshaona hii. Asidi ya choo na klorini vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Nani ana asidi? Nani ana klorini?"

Mama Pampu alimwona Karani na tai yake akilini, akamwona Mama Pacha na mapacha. Akajisikia mwenyewe akisema kwa sauti ya kujiamini: usichanganye. Na hawakuchanganya. Kila mmoja alifunga mlango wake, akamwaga dawa yake peke yake, kama alivyofundishwa. Bomba ndilo lililochanganya.

"Safari hii kapona," muuguzi alisema. "Kwa mapafu haya, ikija tena, msijisumbue kumbeba."

*

Kijana mwenye gari alikuja, akaondoka peke yake. Kocha aliketishwa uani kwenye kiti cha plastiki, chini ya kamba ya nguo, kwa sababu ndani hakutaka kuingia. Aliutazama tu mlango.

Mama Pampu alisimama chini ya ngazi, akaita kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. "Nani amemwaga dawa leo asubuhi?"

Karani alichungulia kutoka juu. "Dawa gani tena, dada mkubwa? Sinki langu halijawahi kuziba tangu nihamie."

Mama Pacha alikuwa ameshika ukuta. Alitazama yale maandishi mekundu kwa pembe ya jicho. "Hata langu, mama. Halijaziba."

Milango ikafungwa. Tk. Tk.

Hasira iliyompanda haikuwa na kelele. Alivuka barabara hadi duka la vifaa, akarudi na saruji. Akachota mchanga uliobaki ubavuni mwa duka la kinyozi, akamwaga vyote kwenye karai, akaanza kukoroga kwa mwiko wa chuma.

"Bibi yangu," Kocha aliita. Sauti ilikuwa kama karatasi inayoburutwa. "Unapika nini?"

"Naziba. Tundu la bafuni, na bomba la jikoni nalifungua nalipiga saruji. Tutaogea hapa uani kwenye beseni. Wakitaka kuuana, wauane huko huko juu. Kwako haitafika tena."

Kocha alivuta pumzi, akaisubiri ifike. "Ukiziba hapa, itatokea wapi?"

"Nimekwambia haitafika kwako."

"Nimekuuliza itatokea wapi."

Mwiko ukasimama. Kutoka ghorofa ya kwanza walisikia pacha mmoja akicheka na mwingine akimjibu, wakipiga sakafu kwa viganja. Watoto wale walishinda chini. Walilala chini, walikula chini, walitambaa mpaka kwenye mlango wa bafu wakarudishwa. Na ile hewa ya manjano nayo ilipenda chini.

Mama Pampu alikaa kwenye kizingiti. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko, kijivu kile kile alichokuwa akikifua kwenye nguo za mumewe miaka yote.

"Basi sizibi," alisema polepole.

"Najua huzibi. Nimekuoa juzi?" Kocha alikohoa, akafuta mdomo. "Lakini wao hawajui."

Mama Pampu aliinua uso.

"Saruji inakauka," Kocha akasema. "Piga chenga kabla haijakauka."

*

Mama Pampu alilibeba karai mpaka katikati ya ua, akalitua kwa kishindo, akawaita kwa mara ya pili. Walishuka, kwa kuwa karai la saruji ni jambo ambalo mpangaji hawezi kulipuuza. Kinyozi naye alikuja na kusimama kwenye kona.

"Hii ni saruji," alisema. "Naingia ndani kuziba matundu yangu yote. Kuanzia leo kila kitakachoshuka kitasimama ghorofa ya kwanza. Kitapanda kwa mapacha. Wakishajaa wao, kitapanda kwako wewe, baba mwenye tai. Kama hakuna aliyemwaga kitu, hakuna wa kuogopa. Si ndiyo?"

Alishika mwiko, akaanza kuelekea mlangoni. Hakwenda haraka, lakini hakugeuka.

"Ni mimi!" Mama Pacha alipiga magoti pale pale. "Ni mimi, mama, nilimwaga klorini! Usizibe, wanangu wanalala chini!"

Mama Pampu alisimama. Karani alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akamtazama Kocha, kile kipande cha karatasi bado kimemganda shavuni pale alipojikata kwa ajili ya mechi.

"Asidi ilikuwa yangu," alisema. "Kifuniko kimoja tu. Nilifanya kama nilivyoambiwa."

"Umeambiwa na nani?" Mama Pacha aliuliza, na macho yao wote wawili yakageukia pahala pamoja.

"Mimi," Mama Pampu alisema. "Wewe nilikwambia mimi, na wewe nilikwambia mimi. Mmoja sikumwambia habari za mwenzake. Nilikuwa nawasitiri." Aliweka mwiko chini. "Mume wangu mwenyewe nilimkalisha pale na mikono yangu, nikafunga mlango."



Kinyozi ndiye aliyekosea kwa kusema neno. "Poleni, jamani. Basi mtumie pampu tu, dawa muache."

"Pampu haiondoi zege," Mama Pampu alimgeukia. "Waya wangu unagota chini ya kiti chako, baba. Miezi yote hii unagonga pale pale. Chemba haijahamishwa popote. Umeikalia wewe."

"Mama! Kile ni kiti changu cha kazi. Unataka nivunje sakafu? Niambie wateja wakae wapi, mapajani mwangu?" Alijaribu kucheka, hakuna aliyemsaidia. "Mwenye nyumba atanihamisha."

"Atakuhamisha wewe," Karani alisema ghafla, na sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe. "Atanihamisha mimi. Atamhamisha huyu na mapacha wake. Sawa. Na aanze na nani? Tukiwa wote ndani ya shimo, aanze na nani?"

Kinyozi alimtazama Kocha. Shati lake lenyewe bado lilinukia ile harufu. Alikuwa amembeba mgongoni, akamsikia akitafuta pumzi sikioni mwake njia nzima. Akatema mate pembeni, akaingia dukani, na wakasikia kiti kikiburutwa.

Walivunja wenyewe, kwa mtaimbo wa kuazima. Karani alikunja mikono ya shati, na kwa kuwa hakuwahi kushika mtaimbo, pigo lake la kwanza lilimrudia mabegani akatukana kama mpakiaji wa soko. Sakafu ilikuwa nyembamba kuliko walivyodhani, zege la kudanganyia. Chini yake palikuwa na mfuniko uliopasuka, na chini ya mfuniko palikuwa na kazi ya mwenye nyumba: vipande vya matofali, mifuko ya saruji iliyoganda kwa maji, mbao zenye misumari, takataka zote za ujenzi wa duka, zimesukumiwa humo ili lisitafutwe gari la kuzibeba. Hapakuwa na soksi. Juu ya hayo maji meusi yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, yametulia, yanang'aa kidogo. Walirudi nyuma wote kwa pamoja.

"Hii ndiyo nimekuwa nikinyolea watu juu yake," kinyozi alisema.

Yule mwanamke wa zamani alikuwa amekalia godoro barabarani kwa ajili ya soksi. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, lakini Mama Pampu alilifikiria, na alipochota ndoo ya kwanza alichota kama mtu anayegombana. Walitoa tofali kwa tofali, wakipokezana. Mwishoni Karani aliingiza mkono mpaka begani, akachomoa ubao, na shimo likavuta maji yote kwa mara moja, kwa sauti ndefu ya kiu.

Kinyozi alimpigia simu mwenye nyumba, maana ni heri asikie kwao kuliko kwa watu. Aliweka sauti wazi ili wote wasikie. Mwenye nyumba akasema, "Msiguse kitu. Nakuja."

Hajaja. Kila gari linalopunguza mwendo nje ya duka, kinyozi huzima mashine yake na kusikiliza. Shimo limefunikwa kwa mbao, kiti kimesogezwa ukutani, na wateja wanazizunguka mbao wakiuliza maswali. Wapangaji wamekubaliana kwamba atakayeitwa, wataitika wote. Kusema ni rahisi. Tutaona siku yenyewe ikifika.

Asidi na klorini hazikai tena kwenye nyumba ile. Mama Pacha alivunja chupa yake mbele ya watu, Karani akaapa. Maji yanashuka, yanapita, yanakwenda zake. Lakini Kocha haogi mpaka mkewe aingie kwanza. Mama Pampu hupiga magoti kwenye sakafu ile iliyolowa, akashusha uso mpaka pua ikaribie tundu, akafumba macho na kuvuta hewa kwa kifua chote, yeye mwenye kifua kizima. Kocha husimama mlangoni, taulo begani, akiutazama mgongo wa mkewe unavyopanda na kushuka. Hatanii.

"Vipi?" huuliza.

"Subiri," humwambia, na kuvuta tena.